Fundi wa Upande wa Pili wa Laini

Kwa miaka miwili ya kwanza sikumjua sura, nilimjua sauti tu. Simu ya mezani ingelia katika ofisi yetu ndogo ya maabara pale Njiru, ningeinua, na kabla sijasema halo angekuwa ameshanisalimia: Njiru, habari za asubuhi, uko karibu na modemu? Jina langu alikuwa nalo, nilimpa siku ya kwanza, lakini kwake watu wote wa upande wa pili wa laini waliitwa kwa jina la mahali walipo. Mimi nilikuwa Njiru. Kulikuwa na mzee mmoja wa ghala aliyeitwa Ruai, na dada mmoja aliyeitwa Dandora, ambaye sikuwahi kumwona hata siku moja ila nilimwonea wivu kwa sababu Fundi alimsifu. Na sisi sote tulimwita Fundi, basi.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sitasema. Wapo wanaoyajua hayo vizuri kuliko mimi, na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia kwake kwa miaka zaidi ya ishirini. Nitasema pia ubaya niliomfanyia, maana nimekuwa nikimsifu kwa watu miaka yote hii huku nikiruka hapo, na sifa za namna hiyo zimenichosha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maabara yetu ilipima damu za watu wa Njiru na pande zile, na majibu tuliyatuma kwa kompyuta hadi hospitali kubwa mjini kupitia waya wa simu wa kukodi. Wakati huo faiba ilikuwa haijafika Kangundo Road. Kila mwisho wa waya kulikuwa na modemu, kisanduku cha rangi ya maziwa chenye taa ndogo nyekundu mbele, ambacho kiligeuza maandishi ya kompyuta yakawa mlio unaoweza kupita kwenye waya, na mwenzake wa upande wa pili akaugeuza mlio ukawa maandishi tena. Laini ikianza kusumbua hakuna aliyejua ubaya uko wapi. Unaweza kuwa kwenye modemu ya mjini, kwenye waya, au kwenye modemu yetu sisi. Hapo ndipo Fundi alipopiga simu na kuniambia niweke lupu.

Lupu ni nini, nilimuuliza mara ya kwanza, nikiogopa kubonyeza kitu cha watu. Mwingine angeniambia nibonyeze tu niache maswali. Yeye alinieleza taratibu, ingawa gharama ya simu ilikuwa juu ya ofisi yake, akasema chukulia nimemtuma mtu kwako na maneno kumi, nawe humwongezi neno wala humpunguzi, unamgeuza pale pale mlangoni arudi kwangu. Akifika na maneno yake kumi, njia ni nzima kwenda na kurudi. Akifika na saba, tunajua amepokonywa njiani. Nikaelewa, na sijasahau. Nimewaeleza wengi kwa maneno hayo hayo, na wanadhani ni akili yangu.

Modemu nyingine aliweza kuziamuru kutoka mjini zifunge lupu zenyewe. Yetu ilikuwa kaidi. Siku nyingine ilitii amri yake, siku nyingine haikutii, na isipotii ilinibidi niinuke nikabonyeze kitufe kwa kidole. Kitufe kikiingia, modemu ilifunga pande zote mbili: alichotuma yeye kilimrudia yeye, na tulichoandika sisi kiliturudia sisi. Kilibaki ndani hivyo mpaka mtu akibonyeze tena kitoke. Kwa hiyo Fundi alikuwa na kipimo kimoja cha mwisho ambacho mafundi wengine waliona ni kupoteza wakati. Ukishamwambia umetoa lupu, alituma tena maneno yake, akakaa kusikiliza asipate kitu. Alifurahi kukosa, ndiyo dalili kwamba lupu imetoka kweli. Angesema, "Kimya. Alhamdulillahi," kisha akakata simu.

Siku alipokuja Njiru mwenyewe nilitarajia jitu kubwa kwa jinsi sauti yake ilivyojaa. Aliingia mtu mfupi, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, na mkoba wa ngozi uliochoka ambao hakuruhusu mtu ambebee. Ndani ya mkoba kila kitu kilikuwa na nguo yake. Bisibisi zilifungwa kwenye kitambaa cha jikoni, na kile kizibo chake cha kupimia, alichokiunga mwenyewe kwa kuunganisha pini za kutuma na za kupokea, alikiweka ndani ya soksi ya mtoto mchanga. Mwenzangu wa maabara, kijana wa Mbotela mwenye mdomo, alimuuliza kama mtoto hajalalamika miguu baridi. Fundi akamjibu kwamba mtoto sasa anavaa viatu namba saba, na hicho kizibo bado kinavaa sifuri.

Kazini alikuwa na kanuni moja iliyowaudhi wakubwa: alianza kupima cha kwake. Nilimwona siku moja katika ofisi ya msimamizi wetu, mtu mnene mwenye hasira za karibu, ambaye alikuwa ameshaamua kwamba watu wa mjini ndio wameharibu laini. Alimsubiri Fundi kwa maneno makali. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaketi chini sakafuni, akafungua mkoba, akaanza kupima nyaya zake mwenyewe, alizokuja nazo na alizotuachia. Alipima moja baada ya nyingine huku msimamizi anapumua juu ya kichwa chake. Alipomaliza zake ndipo alipogusa za kwetu. Siku hiyo ubaya ulikuwa kwenye waya wake yeye, ule aliouacha ziara iliyopita. Mtu mwingine angeubadilisha kimya kimya. Yeye aliuinua juu, akamwonyesha msimamizi palipokatika, akasema kosa ni langu, nimeuleta mimi mwezi uliopita. Hasira ya msimamizi ikabidi itafute kazi nyingine.

Neno "nafikiri" alilichukia. Ukimwambia kwenye simu nafikiri taa ya tatu inawaka, alinyamaza mpaka uinuke uende ukaangalie. Alisema niambie unaona nini, kufikiri tutafikiri baadaye sote wawili. Mwanzoni nilimwona mtu wa kujisikia. Baadaye nikajikuta naishi hivyo nyumbani Jericho, watoto wangu wakiniambia wanafikiri wamefunga mlango, nawarudisha wakauone.

Wenzake walikuwa wanajua kwamba laini ikimshinda kutoka mezani, ataifuata kwa miguu. Siku moja alitembea kutoka kituo cha simu hadi kwetu, nguzo kwa nguzo, akitazama juu, na watu wa barabarani wakidhani anahesabu ndege. Alikuta mama mmoja muuza makaa ameanika nguo za nyumba nzima juu ya waya wa simu, na blanketi moja zito lililolowa limeuvuta hadi umeanza kukatika kwenye kishikio. Nadhani wengi wetu tungeanza na ukali. Fundi alimwomba radhi kwanza kwa kumsumbua, akamweleza kwamba waya ule unabeba majibu ya wagonjwa, kisha akamsaidia kuanua, blanketi upande huu na mama upande ule, wakalikunja pamoja. Mama huyo baadaye alikuwa analinda ule waya kuliko askari. Mtoto wa mtu akitupa jiwe karibu nao, alimfukuza hadi kwao.

Lakini asije mtu akadhani nawachorea malaika. Mtu huyu ambaye hakuweza kuficha waya uliokatika alikuwa mwizi wa drafti. Jumamosi jioni alivuka kutoka kwake Mbotela hadi soko la Jericho, ambapo wazee walicheza kwa vifuniko vya soda, na alikuwa anaiba bila haya. Ukigeuka kumwamkua mpita njia, kifuniko chako kimoja kimehama. Ukimlaumu, anakutazama kwa macho ya mtu aliyeonewa na kukuuliza una shahidi gani. Nilimwambia siku moja kwamba haiwezekani awe mkweli wa modemu na mwongo wa drafti. Alisema modemu ina mgonjwa upande wa pili, drafti ina wazee wasio na kazi. Wazee walicheka, wakaendelea kumkaribisha, na wakaendelea kuibiwa.

Alikuwa pia mkali wa ovyo nyumbani. Kwenye simu ya kazi alikuwa na subira ya kumfundisha mtu asiyejua kushoto na kulia, lakini mkewe akimtuma sokoni na vitu vitatu alilalamika kama amepewa thelathini. Na simu yenyewe, kile chombo alichokaa nacho sikioni siku nzima, hakukipenda. Ukimpigia kumjulia hali, anakujibu yuko salama, anakuuliza shida ni nini, na usipokuwa na shida anakata. Ukitaka kuzungumza naye ilibidi uende Mbotela ukae. Nilianza kwenda baada ya kuhamia Jericho, maana ni hatua chache tu, na mkewe alikuwa anapika mahamri asubuhi kwa watu wa jirani. Nilipewa kikombe changu, cha bluu chenye mpasuko, na sikupewa kingine miaka yote. Mama huyo aliniita mwanangu. Nilikula kwao Idi, nao walikuja kwangu Krismasi, na Fundi alikaa kwenye kona ya kochi langu akiangalia nyaya za taa za mti wa Krismasi kwa mashaka.

Sasa nifike pale nilipokuwa naogopa kufika.

Ilikuwa Jumamosi, mchana. Dada yangu mdogo alikuwa anatolewa mahari, yaani ruracio, siku ile kule Murang'a, gari la familia lilikuwa linanisubiri nje ya maabara, na dereva ameshapiga honi mara mbili. Simu ikalia. Laini ilikuwa imeonyesha makosa machache tangu asubuhi na Fundi alitaka kuipima kabla ya siku ya Jumapili, kwa sababu Jumapili mwenzangu ndiye angekuwa peke yake zamu. Alituma amri, modemu ikakataa. Akaniomba niweke lupu kwa mkono. Niliinuka nikaweka, nikarudi kwenye simu. Alituma maneno yake, yakamrudia yote, akatuma tena, yakamrudia tena. Akasema laini iko sawa, toa. Mimi nilikuwa nimeketi, mkoba begani. Modemu ilikuwa kwenye rafu, hatua nne kutoka kwangu.

"Nimetoa," nilisema.

Alianza kujiandaa kwa kipimo chake cha mwisho, nikamsikia akivuta kiti. Nikamwambia Fundi, gari linaniacha, ni ruracio ya mdogo wangu. Na yeye, ambaye sikuwahi kumsikia akiruka hatua hata siku moja, akasema haya basi nenda, mwanangu, mpe hongera zangu. Hakupima. Alinihurumia, na aliniamini, kwa kuwa miaka yote nilipomwambia nimetoa nilikuwa nimetoa.

Jumapili mwenzangu aliketi akaandika majibu ya watu kumi na kitu. Herufi zilitokea kwenye skrini kama kawaida, kwa sababu sisi tulizoea kuona herufi zile zikienda mjini na kurudi, ndiyo ishara kwamba zimefika. Siku hiyo zilikuwa zinafika kwenye rafu yetu na kugeuka. Taa zote ziliwaka vizuri. Mjini nao waliona laini hai, wakadhani hatujapima. Sisi tukadhani wamepokea. Mwanamke mmoja aliyelazwa kule akingoja majibu ya damu ili apasuliwe alingoja mpaka Jumatatu, na kungoja huko kulimwongezea ugonjwa. Hakufa, namshukuru Mungu, lakini alikaa wodini wiki nyingi ambazo hakupaswa kukaa, na ana watoto.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kufika. Simu zilikuwa zinalia, mjini wanauliza, na nikakiona kitufe kikiwa ndani. Nilikibonyeza kikatoka. Nakumbuka mlio wake. Msimamizi alipoingia na kuuliza kama kuna mtu amegusa kitu, nikasema hapana. Fundi alipofika na mkoba wake, akaketi sakafuni, akapima vyake, kisha akapima vyetu, akakuta kila kitu ni kizima na kitufe kiko nje. Aliniuliza mara moja tu, Jumamosi ulitoa? Nikamwambia nilitoa. Hakuuliza tena. Nilimwona akifikiri, na nilijua anafikiri nini: kwamba ile amri yake ya kwanza, iliyokataliwa, ilichelewa tu, ikaja ikafunga lupu baadaye, na kwamba angepima mara ya mwisho angeigundua. Alichukua daftari la laini akaandika, kwa mwandiko wake ule wa kushikana, kwamba lupu ilibaki kwa amri ya fundi wa mjini na fundi hakufanya kipimo cha kumalizia. Akatia jina lake na saini.

Wakati ule alikuwa anatajwa kuwa mkuu wa mafundi wa upande ule wote. Baada ya daftari hilo kusomwa hakutajwa tena. Walimtoa kwenye laini wakampeleka stoo, akawa mtu wa kuwapa wenzake nyaya na kuandika walichochukua, mpaka akastaafu. Sauti iliyonipigia baada yake ilikuwa ya kijana aliyesema halo kama amelazimishwa. Nami niliendelea kwenda Mbotela kunywa chai. Nilijiambia kwamba nikisema nitafukuzwa, na nina watoto. Watoto wakakua, maabara ikafungwa, hakukuwa tena na mtu wa kunifukuza, na bado sikusema. Kufikia hapo nilikuwa naogopa kukipoteza kile kikombe cha bluu.

Alipostaafu nilianza kuona anarudi mlangoni kukagua kufuli. Anafunga, anashuka ngazi mbili, anapanda tena. Gesi aliizima, akaigusa, akaenda, akarudi kuigusa. Nilidhani ni uzee. Kisha mwaka huu, baada ya Ramadhani, chuo kidogo cha ufundi pale karibu na Jogoo Road kilimwomba akafundishe vijana kupima laini. Mambo ni ruta na faiba siku hizi, lakini lupu ni lupu, bado inawekwa na bado inatolewa, na mwalimu mkuu alikuwa amesikia habari zake. Walimfuata mara mbili nyumbani. Mara mbili alikataa. Mama, mkewe, ndiye aliyenisimulia, akiwa anakanda unga, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika kweli. Alisema huyu mtu hajiamini tangu ile habari ya Njiru. Hata taa ya jirani hataki kuitengeneza. Amewaambia wale walimu kwamba mtu aliyeacha mgonjwa amefungiwa laini hana la kufundisha mtoto wa mwenzake.

Nilitoka pale bila kumaliza chai. Kwa siku tatu sikula vizuri. Siku ya nne, Alhamisi, nikarudi.

Alikuwa barazani ameketi, redio ndogo magotini, haijawashwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza shida ni nini kama kawaida yake. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki mbele yake, nikamwambia kwamba Jumamosi ile hakukuwa na amri iliyochelewa. Nilimwambia sikuinuka. Nilimwambia kwamba Jumatatu nilikikuta kitufe kiko ndani, nikakitoa kabla hajafika, na aliponiuliza nikamdanganya mara ya pili.

Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Akaweka redio chini.

"Kilikuwa ndani? Ulikiona kwa macho yako?"

"Nilikiona, Fundi. Na nikakigusa."

"Si kwamba unafikiri."

"Sifikiri. Nilikiona."

Alishusha pumzi ndefu, na mabega yake, ambayo kwa miaka niliyaona yamekaa juu karibu na masikio, yakateremka. Halafu akamwita mkewe kwa sauti niliyoijua, ile ya kwenye simu, iliyojaa. Mama akatoka jikoni na unga mikononi. Fundi akaniambia nimwambie na yeye, vile vile, bila kupunguza. Nikarudia nimesimama. Nilipofika pale pa kusema nilitoa, nikasita, Fundi akaniambia endelea.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anajifuta mikono kwa leso na hakuacha kujifuta hata mikono ilipokuwa safi.

"Na chai yangu ukawa unakuja kuinywa," alisema.

Alinitazama bado kidogo, akageuka akaingia ndani, na nikasikia sufuria ikiwekwa mahali kwa nguvu. Nilianza kulia. Nililia kama mtoto, mtu mzima wa miaka hamsini na tatu, na majirani wanapita. Fundi hakunibembeleza. Alingoja nimalize, kisha akasema kwamba yeye pia ana lake: kipimo cha mwisho hakukifanya, hilo hakuna aliyemdanganya, na saini yake kwenye daftari inabaki pale pale kwa sehemu hiyo. Lakini ile sehemu nyingine, alisema, miaka yote hii amekuwa akiilala na kuiamka, akiirudia amri ile kichwani, akitafuta ni wapi mkono wake ulipokosea, na haoni.

"Nilidhani nimeanza kuwa mtu asiyejua alichokifanya," alisema. "Unajua ubaya wa hiyo?"

Nikamwambia sikujua. Akachukua redio, akaiwasha, akaizima. Ndipo aliponiambia Jumanne niwe tayari saa mbili asubuhi, tutakwenda chuoni. Nilimuuliza kama ina maana amekubali kufundisha. Alisema hajui, itategemea somo la kwanza, na somo la kwanza litakuwa langu. Nitasimama mbele ya wale vijana niwaambie lupu inavyosahaulika. Nilitaka kumwomba anisamehe kwa njia nyingine yoyote. Nilimtazama usoni nikaona haina faida kuomba.

Jumanne tulikwenda kwa miguu, yeye mbele na mkoba wake, mimi nyuma. Darasa lilikuwa chumba cha mabati, vijana kama kumi na wanne, wasichana watano. Mwalimu mkuu alimtambulisha mgeni kwa maneno mengi. Fundi alimshukuru, akaenda kuketi kiti cha mwisho kabisa ukutani, akanionyesha mbele kwa kidevu. Nilisimama. Niliwaambia yote, kutoka honi ya dereva hadi mwanamke wa wodini, na daftari, na stoo, na chai. Nilipotaja kwamba fundi mwenyewe ndiye aliyeketi kule nyuma, vichwa vyote viligeuka, naye akatazama sakafu.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye rasta fupi na kalamu sikioni, akainua mkono.

"Lakini madam, si ungesimama tu? Kwani ilikuwa mbali?"

"Hatua nne," nikasema.

"Sasa?"

Nilifikiria dada yangu, gari, honi. Nilikuwa nimezitumia hizo kwa miaka, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli, maana dereva alikuwa binamu yangu na asingeniacha.

"Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya sherehe," nikamwambia. "Vilikuwa vinanibana. Sikutaka kusimama tena."

Hakuna aliyecheka. Msichana aliandika kitu kwenye daftari lake. Nikasikia kiti kikisogezwa kule nyuma, na Fundi akaja mbele kati ya madawati, taratibu, ameunyoosha mkono kwa mwalimu mkuu kuomba chaki.